Karatasi Niliyomwandikia Omuse

Juzi tulimzika Omuse huko Amagoro. Nasema "tulimzika" kwa mazoea tu, maana mimi nilikuwa nimeketi nyuma kabisa ya hema, kwenye viti wanavyopewa watu ambao hakuna anayejua wametoka wapi. Binti mmoja mwenye adabu alinijia na sahani ya wali akaniuliza, "Mama, wewe ni wa upande gani?" Nikamjibu kwamba nilifanya kazi Busia zamani, marehemu tulijuana. Akasema, "Pole sana mama, karibu chakula," akaenda kuhudumia wengine. Alikuwa kitinda mimba wa Omuse. Wako watano, na wote wamemchukua baba yao lile paji pana la uso na ule mwendo wa kutupa mguu wa kushoto kando kidogo, huwezi kuwakosea hata sokoni. Niliwatazama walipopanga mstari kuweka maua. Mtu mwingine angeona watoto wanaomlilia baba yao. Mimi niliona watu watano ambao mwaka wa 1966 niliandika kwa mkono wangu, kwa wino wa buluu, kwamba hawawezi kuzaliwa.

Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu mimi amekwisha kuwa babu, ana fimbo na meno ya bandia. Ndiyo maana nimeamua kuandika habari za mwaka ule mmoja kabla sijazisahau, au kabla sijaanza kujidanganya, maana nawasikia wazee wenzangu wakisimulia ujana wao mpaka unashangaa kumbe wote walikuwa malaika. Mambo ya nani alinizaa huko Butula na baba alikuwa na ng'ombe wangapi nayaacha. Mume wangu, Mwalimu, Mungu amrehemu, niliishi naye vizuri na nilimpenda, asije mtu akanitilia maneno mdomoni. Lakini kuna kutamani ambako hakumdhulumu mtu. Kunakaa kimya kwenye kona yake miaka na miaka, unapika, unalea, unafua, kumenyamaza tu, halafu siku moja unapigiwa simu kwamba fulani hatunaye tena, na unajikuta umeketi kitandani na kiatu kimoja mkononi hujui ulikuwa unakwenda wapi.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini, msichana mwembamba mwenye kiburi, na kazi yangu ilikuwa msaidizi wa maabara kwenye kliniki ya daktari mmoja Mgoa pale Busia. Kliniki ilikuwa na vyumba vitatu: cha kungojea, cha Daktari, na chetu, ambacho zamani kilikuwa stoo ya pamba na siku za joto kuta zake bado zilinuka magunia. Tulikuwa na hadubini moja yenye kioo cha kunasa mwanga wa jua dirishani, kwa hiyo wingu likija tulisimamisha kazi tukanywa chai. Ukingoni mwa meza ilifungwa mashine ndogo ya kuzungusha vipimo, ya kuendeshwa kwa mkono, na mpaka leo bega langu la kulia liko juu kuliko la kushoto. Aliyenifundisha kila kitu ni Mzee Barasa. Alijifunza kusoma damu ya malaria jeshini huko Burma, na moyoni hakuwahi kutoka jeshini. Akiingia asubuhi anasimama mlangoni wima, anasema, "Nabwire! Ripoti!" nami namjibu, "Vioo vyote safi, mzee, na wewe umechelewa." Anacheka mpaka anakohoa, halafu anavua kofia.

Wagonjwa wengi walikuja na malaria na minyoo kama kwingineko, lakini Daktari alikuwa na jina la kusaidia wasiopata watoto, na jina hilo lilivuka mpaka. Akina mama walitoka Tororo, Bungoma, hadi kule ziwani, wakaketi kwenye benchi lililoegemea ukuta wetu wa mbao, nasi ndani tulisikia kila kitu. "Mimi nimekunywa miti shamba mpaka tumbo lenyewe limekuwa shamba." "Na bwana yako, amepimwa?" "Woi! Nani atamwambia? Wewe?" Kicheko, halafu mmoja anaanza kueleza vile mama mkwe wake anamsema mbele ya wageni, vile amenyimwa hata jina, anaitwa "huyu" tu. Nilisikiliza benchi lile mwaka mzima. Nilijua, kabla sijaolewa, kwamba mwanamke asiyezaa anaishi kwenye nyumba yake mwenyewe kama mpangaji, na niliapa kimoyomoyo kwamba mimi sitaketi pale. Nataka mlijue hilo mapema, maana bila hilo mtaniona mbaya zaidi kuliko nilivyokuwa.

Daktari alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja kwa ajili ya mtu yeyote: hamgusi mke kabla chupa ya mume haijapita mezani kwetu. Wanaume walimchukia kwa hiyo. Madereva wa malori ya Kampala, watu wa kutoa mizigo mpakani, walimu, makatekista, wote walikuja wakiangalia dari. Mmoja alileta shahawa zake ndani ya chupa ya mafuta ya nywele, bado inanukia, Mzee Barasa akamrudishia akisema, "Boss, hizi umezikaanga." Mwingine, mwenye wake watatu na hana mtoto, alileta chupa nzuri ajabu, lakini Mzee alipomuuliza ameitoa saa ngapi, akageuka kumtazama tanboi, utingo wa lori lake, aliyesimama mlangoni. Tulicheka wiki nzima. Leo nikiukumbuka uso wa yule bwana sicheki.

Maagizo niliyajua kama Baba Yetu. Siku tatu hadi tano bila kumkaribia mwanamke. Chupa ichemshwe, isiguswe na sabuni. Ibebwe kwapani ndani ya shati isipate baridi, na ifike kabla ya saa moja kwisha. Ikifika unaiacha kama nusu saa iyeyuke iwe nyepesi, unapima kiasi, unaangalia rangi, halafu unaweka tone kwenye kioo. Hapo ndipo nilipopenda. Mbegu nzima zinakimbia kama watu waliochelewa soko, nyingine zinazunguka mahali pamoja, nyingine zimelala. Unaangalia ngapi zinakwenda mbele, ngapi hazijiwezi, ngapi zina vichwa vibaya, halafu unahesabu kwenye kioo chenye miraba. Nikikuta nyingi nilifurahi peke yangu kwa ajili ya mama fulani wa benchini. Kioo kikiwa kitupu, unaizungusha chupa kwenye mashine uangalie zilizotuama chini kabisa. Na hata hapo hujamaliza. "Chupa ya kwanza ni uvumi, Nabwire," Mzee aliniambia mpaka nikachoka. "Ya pili ndiyo habari. Usimpe mtu sifuri kwa chupa moja, hata Daktari akikuamuru." Kwenye fomu kulikuwa pia na mstari mmoja, "Ameugua karibuni?" na huo Mzee alipenda kuuliza mwenyewe, kwa kirefu. Mimi nilidhani ni umbea wa uzee.

Omuse aliingia mwezi wa Machi na barua ya kazi. Alikuwa karani wa mizigo kwenye stesheni ya reli ya Malaba, kijana Mteso, mrefu, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo unakata, na wakubwa wake walitaka apimwe damu na choo. Alinisalimu, "Yoga," nikamjibu, "Mulembe," kila mtu kwa lugha yake, halafu tukaendelea na kile Kiswahili chetu cha mpakani ambacho hakina mwenyewe. Nilipomdunga kidole hakutikisika. Akaniuliza, "Sasa dada, ukiangalia damu ya mtu unaweza kujua ana tabia gani?" Nikamwambia naweza, na yako inasema unaongea sana. Jumamosi iliyofuata alirudi, hakuwa na barua yoyote, alikuwa na karanga kwenye mfuko wa karatasi.

Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya nyumba ya Mama Taaka, mjane Msamia aliyeuza samaki wa kutoka Osieko, na Jumamosi zote za mwaka ule ziko pale jikoni kwake. Naweza kukuonyesha kila kitu kilipokuwa: kinu, mtungi, kamba juu ya moshi iliyoning'inizwa samaki wakavu, kigoda ambacho Omuse alikikalia magoti yakimfika masikioni. Tulikula ugali wa muhogo na mtama, ule mweusi, na samaki ngege wa mchuzi, au kamongo ikiwa siku njema. Omuse alikula samaki polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alichambua miiba yote, akaipanga ukingoni mwa sahani, halafu ile nyama nzuri ya tumboni akaisukuma upande wangu bila kukatiza mazungumzo. Mama Taaka alikuwa anamwambia jirani yake nje, kwa sauti ambayo alitaka tuisikie, "Huyo Mteso wa Nabwire anakula samaki kama anamwombea!" Naye Omuse anajibu kutoka ndani, "Nakuombea wewe, mama, upike tena." Alinisimulia habari za stesheni, vile anaweza kufumba macho akajua behewa hili lina kahawa ya Uganda na hili lina ngozi, na vile mzigo usio na karatasi kwao ni kama haupo, hata ukiwa umekukanyaga mguu. Sijui kwa nini maneno ya reli yalikuwa matamu namna hiyo. Nilimtamani, na sioni haya kuliandika hilo nikiwa na umri huu. Ijumaa nilikuwa silali vizuri kwa sababu kesho yake ni Jumamosi.

Katikati ya Julai alifika akitetemeka, meno yanagongana. Nilimshika mkono nikampeleka kliniki, nikamdunga kidole, nikaona wadudu wa malaria wengi mpaka nikamwita Mzee aje atazame. "Hawa wamefanya mkutano wa hadhara," akasema, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Mama Taaka alitoa chumba cha mwanawe aliyekuwa bodingi. Siku nane nilimpa Omuse klorokwini na uji wa wimbi, nikamkanda kwa kitambaa cha maji, na mwili wake ulikuwa moto hata kitambaa kilikauka mkononi. Alipayuka kwa Kiteso, akaita namba za mabehewa. Siku ya tisa aliamka akaomba samaki, akacheka kwa vile shati lilivyokuwa linampwaya, na Jumatatu akarudi kazini. Yakaisha. Hakuna aliyeyazungumza tena. Kwetu, kuugua ni kifua kikuu, ni kupasuliwa, ni kulazwa hospitali kubwa ndugu wakaja na kuku. Malaria ni kama mvua: unanyeshewa, unakauka, unakwenda shambani.

Mwisho wa Agosti aliniambia anataka kuja kwetu Butula na wazee wake. Nilikuwa ninaosha sahani, nikaendelea kuosha sahani moja ile ile. Halafu akasema, "Lakini kwanza unipime." Nikadhani ni mzaha. Akanieleza habari ya kaka yake ambaye alikuwa ameoa miaka mingi hana mtoto, amefukuza wanawake wawili, na anatafuta wa tatu. Yeye na kaka yake walipata matumbwitumbwi pamoja wakiwa tayari vijana wakubwa, wakavimba mashavu na kule chini pia. "Wale shemeji zangu walitukanwa mpaka nikaona aibu kula pale," akasema. "Na kosa pengine ni la kaka. Sitaki utukanwe kwa sababu yangu, Nabwire. Nipime. Lakini asiangalie mzee, asiangalie Daktari. Wewe tu." Mwanaume gani alisema hivyo wakati ule? Nimeishi miaka yote hii sijamwona wa pili. Nilimwambia sawa, nikijua hakika kwamba nitakuta umati, nimtanie mpaka siku ya arusi.

Siku yenyewe, wiki ya kwanza ya Septemba, Mzee Barasa alikuwa amekwenda mazishini Bungoma. Omuse alilala kwa rafiki yake pale mjini na saa mbili na robo asubuhi akafika, chupa kwapani, amevaa koti ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Nilivaa koti langu jeupe nikachukua fomu. Tuliogopa kuangaliana tusije tukacheka. "Siku ngapi tangu umkaribie mwanamke?" "Unajua mwenyewe." "Jibu swali, mzee." "Nyingi sana, daktari." Nikaandika. "Umeugua karibuni?" "Hapana, niko sawa." Nikaandika hapana. Nikamwambia akangoje nje, naye akaenda kuketi kwenye benchi la akina mama, mwanaume peke yake katikati yao, wakasogea wakamwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji.

Kiasi kilikuwa cha kawaida. Rangi ilikuwa ya kawaida. Niliweka tone, nikainama, nikaona kioo kitupu. Nikageuza kioo cha mwanga nikidhani ni jua. Nikaweka tone la pili, nikatembea nalo kona hadi kona kama mtu aliyeangusha sindano. Nikazungusha mashine mpaka mkono ukafa ganzi, nikachukua kilichotuama chini, nikatazama, nikatazama tena. Nilihangaika zaidi ya saa moja na upande wa pili wa ukuta nilimsikia mama mmoja akimwambia Omuse, "Usijali mwanangu, hata wangu alianza hivyo hivyo kuogopa." Nilipofungua mlango akasimama, na nadhani aliona usoni kwangu.

"Niambie," akasema tulipobaki wawili. Nikamwambia lazima alete nyingine baada ya muda, hii haitoshi. "Hiyo nimesikia. Niambie umeona nini kwa hii." "Sijaona." "Hata moja?" "Hata moja, Omuse." Akatikisa kichwa polepole. Akasema matumbwitumbwi, nami nikafikiri matumbwitumbwi. Lilikuwa jibu lililokaa tayari, hakuna aliyetafuta lingine. Kisha akaomba nimwandikie. Nilimkatalia. Akasema, "Sisi watu wa reli, neno la mdomo kwetu si kitu, unajua. Niandikie nijue limefika." Nikaandika kwa wino wa buluu: kiasi kawaida, rangi kawaida, mbegu hakuna. Nikatia sahihi. Akaikunja karatasi mara nne akaitia mfuko wa ndani wa koti. "Basi nakuachilia," akasema, sauti yake ya kawaida kabisa. "Hujakosa lolote. Wewe si mtu wa kuketi kwenye lile benchi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kitu. Si lazima kitu kikubwa. Ningeweza kulishika lile koti. Nilikuwa nimempenda miezi sita, nilijua harufu ya sabuni anayoogea, nilikuwa nimekwisha kumzalia watoto kichwani na kuwapa majina, na labda hao ndio walionifunga mdomo, wale watoto wa kichwani. Nilichosema ni, "Acha nifikirie." Akasema, "Fikiria. Mimi niko Malaba." Akatoka kupitia kwa akina mama, akawaaga mmoja mmoja.

Nikafikiri wiki saba. Mama Taaka aliona, akaniuliza, nikamwambia, akaendelea kukwangua magamba. Mwishowe akasema, "Mwanangu, mapenzi hayanyonyeshi. Kijana ni mzuri, sikatai, lakini atakuwa mzuri peke yake." Nilimkasirikia, nikala chumbani siku tatu, na niliyemkasirikia hasa ni mimi mwenyewe kwa sababu alikuwa amesema niliyokuwa nayawaza. Jumamosi zilipofika nilisikia lori likisimama barabarani nikaenda dirishani, ingawa nilijua hatakuja. Nilimtamani mpaka nikakonda. Lakini kila nilipochukua kalamu nimwandikie nilisikia lile benchi: anaitwa "huyu" tu. Malaba haikuwa mbali. Ungeondoka asubuhi ukarudi mchana ukiwa na chakula cha jioni mkononi. Sikwenda. Mzee Barasa aliporudi kutoka mazishini aliona rejista, akaniita. "Umempa mtu karatasi kwa chupa moja?" "Alinilazimisha, mzee." "Aitwe alete ya pili." Nikasema nitamwita. Sikumwita, na sababu niliijua vizuri: uvumi unaweza kuishi nao, lakini chupa ya pili ingekuwa habari.

Mwishoni mwa Oktoba, siku ya Ijumaa, alikuja dereva mmoja wa lori, mtu wa Nakuru, chupa yake ina mbegu chache mno, za kuokoteza. Mzee alimketisha upande wa pili wa ukuta na mimi nilikuwa naosha vioo. "Boss, umeugua miezi hii mitatu?" "Hapana, mzee." "Hujalala kitandani hata kidogo?" "Aa, malaria tu, ilinishika Tororo wiki moja hivi. Lakini kuugua, sijaugua." Nikamsikia Mzee akiweka kalamu chini. "Malaria si ugonjwa? Na ikikuua utamwambia Mungu umekuja kutembea? Sikia. Mbegu unayotoa leo ilianza kupikwa karibu miezi mitatu iliyopita. Homa kali inaichoma bado iko jikoni. Unaweza kukuta kidogo hivi. Unaweza usikute hata moja, na mtu ni mzima kabisa. Kaa miezi mitatu, urudi."

Niliacha vioo kwenye beseni. Nilikausha mikono, nikafungua rejista ile kubwa, nikarudi nyuma mpaka Julai: Omuse, damu, malaria, wadudu wengi sana. Nikaja mbele mpaka Septemba: Omuse, shahawa, hakuna. Katikati kulikuwa na wiki saba. Mwandiko wote ulikuwa wangu. Mimi niliyemkanda siku nane, mimi niliyemwita Mzee aje aone wale wadudu, nilimuuliza kama ameugua, akasema hapana, na sote wawili tulikuwa tunasema ukweli kama tulivyoujua. Nililia pale juu ya rejista, na nataka kusema bila kuficha kwamba nililia kwa furaha. Sikumwaza Omuse kwanza. Niliwaza wale watoto wangu wa kichwani, kwamba wamerudi.

Jumapili nilipanda kando ya dereva wa lori la sukari, nimevaa gauni la kanisani, na nikaongea njia nzima mpaka yule dereva akaniuliza kama nakwenda kuposwa. Nyumba za reli pale Malaba zilikuwa za chumba kimoja kimoja, mstari mmoja, milango ya kijani. Wa Omuse ulikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kimevuliwa shuka, sanduku la bati liko sakafuni limejaa nusu, na yeye amepiga magoti anafunga viatu kwenye gazeti. Alihamishwa Kampala, angepanda gari la moshi Jumanne. Aliponiona alisimama haraka mpaka akagonga kichwa kwenye rafu, na uso wake kwa muda kidogo ulikuwa ule wa Jumamosi. Akanipa kiti, akawasha stovu aweke chai, nami sikungoja. Nilimwambia yote: Julai, Septemba, homa, jikoni, yule dereva wa Nakuru. Nikamwambia pengine matumbwitumbwi hayana hatia, pengine uko mzima kabisa, tungoje kidogo tupime tena.

Alisikiliza mpaka mwisho, amekaa ukingoni mwa kitanda kile kitupu. "Umejua lini?" akauliza.

"Juzi Ijumaa."

"Na leo Jumapili umefika."

"Nimekuja mbio, Omuse."

"Naona." Akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la upole, ndilo lililonitisha. "Hiyo habari ya malaria imenifurahisha. Kweli kabisa, imenitoa jiwe kifuani. Lakini Nabwire, mimi nilikuwa hapa wiki saba. Kila Jumamosi lori likisimama pale barabarani natoka kuangalia, mpaka watu wa stoo wakaanza kunicheka. Ungeshuka na ile sifuri yako mkononi, useme tu umekuja, ningekataa uhamisho siku hiyo hiyo."

"Nilikuwa nafikiria."

"Najua. Nilikwambia ufikirie." Maji yakaanza kuchemka. "Sasa tupime tena, sawa. Na ikitoka hakuna?"

Nilikuwa na uongo umekaa tayari kwenye ulimi. Ulikuwa uongo mdogo, wa neno moja, "nitabaki", na wanawake wengi wema wamewahi kuusema wakaishi nao vizuri mpaka ukawa kweli. Lakini alikuwa ananiangalia machoni, naye ndiye mtu pekee ambaye sikuwahi kumdanganya, na haukutoka. Nilitazama mikono yangu. Nje mtu alikuwa anasukuma toroli ya mizigo na gurudumu linalia, likapita, likanyamaza.

Omuse alinisubiri muda wa kutosha, siwezi kusema hakunisubiri. Halafu akainuka, akamimina chai kwenye vikombe viwili, akachukua mkebe wa sukari na kijiko, akaniuliza mimi naweka vingapi. Tangu mwezi wa Machi alikuwa akinitilia mwenyewe, bila kuuliza.